Fimbo Zilizofuliwa

Kosa la kwanza lilikuwa la lugha. Nilimwambia Mama Salma kwamba nataka kununua fimbo za gofu za kufuliwa. Alikuwa anapeta mchele, hakuinua hata macho.

"Kama zimeshafuliwa, ni mitumba hizo," akasema. "Na mitumba ndiyo ya kulipia bei hiyo?"

Nikakaa kumweleza. Neno letu ni moja: nguo zinafuliwa, nazi inafuliwa, na chuma kwa mhunzi kinafuliwa. Fimbo ya gofu ya chuma hupatikana kwa njia mbili. Ama kipande cha chuma laini kinatiwa motoni na kupondwa kwa nyundo ya mashine mpaka kishike umbo, na hiyo ndiyo ya kufuliwa. Ama chuma kinayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu.

"Kama mkate wa kumimina."

Kama mkate wa kumimina, nikakubali.

"Basi chukua za kumimina, Baba Salma. Wewe hata nazi hujaweza kufua."

Maneno hayo yaliniingia, lakini hayakunizuia. Fimbo nilizozitamani wachezaji huziita bledi, na jina lenyewe linatisha kama wembe. Uso wake mwembamba, mgongo umejaa, hauna shimo, na pale mahali pa kuupatia mpira sawasawa ni padogo kama sarafu. Ukipatia hapo, mkono hausikii kitu. Ni kisu kimepita kwenye boflo la asubuhi. Ukikosea ukapiga pembeni, mtetemo unapanda vidoleni, unapita kiwiko, unakwenda kulitafuta jino bovu lilipo. Aliyezitia fimbo za chuma huruma ni hasa Karsten Solheim, mhandisi aliyezaliwa Norway na kukulia Marekani, aliyeanza kutengeneza fimbo kwenye gereji ya nyumba yake mwaka 1959. Yeye aliusambaza uzito pembezoni na kuacha mgongo wa fimbo na shimo, ili hata mtu aliyekosea mpira wake ufike karibu na alikokusudia. Mtu aliyeanza gofu na miaka 52, kama mimi, alipaswa kununua za namna hiyo na kusema alhamdulillahi. Lakini nani anataka kuonekana na fimbo ya kuhurumiwa?

Tena mimi gofu nimeirithi, ingawa kwetu ni urithi wa kubeba, si wa kucheza. Babu yangu alikuwa mbeba fimbo pale Mnazi Mmoja, enzi ambazo uwanja huu tunaoujua kwa mpira wa miguu ulikuwa na gofu ya wanachama wa Klabu ya Waingereza, wale wa jengo la Shangani ambalo leo ni hoteli ya Africa House. Mtoto wa Ng'ambo alikanyaga majani yale akiwa na begi la mtu begani. Babu alizijua fimbo kwa majina yao ya kabla hazijapewa namba, "mashi" na "nibliki", akiyatamka kama anaita majini wa kupungwa. Mipini ilikuwa ya mti wa hikori kutoka Marekani. Wakuu wa gofu wa St Andrews waliruhusu mipini ya chuma mwaka 1929, na babu hakuipenda hata siku moja. Alisema mpini wa mti ukivunjika unachemsha chai. Wa chuma ukivunjika unakaa tu unakutazama.

Kwa hiyo niliposimama katika duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe, baina ya saa ya ukutani isiyokwenda na nusu ya mlango wa nakshi, nikaziona bledi nane zimeegemezwa pembeni, moyo ulinidunda. Kromu imelika usoni mpaka chuma chenyewe kinaonekana. Vishikio vimekauka kama papa wa chumvi. Namba 4 haipo.

"Hizi," mwenye duka akaninong'oneza, "alichezea Seyyid Khalifa."

Nikamwambia Seyyid Khalifa alifariki 1960, na fimbo hizi kwa chapa zake ni za miaka ya 1970.

"Basi za balozi," akasema, bila haya na bila kupunguza bei.

Tulianzia laki nne. Nilitoka dukani mara tatu kwa hasira za biashara. Mara mbili za mwanzo aliniita, ya tatu hakuniita, nikarudi mwenyewe. Tukakubaliana laki mbili na nusu, nitoe arubuni ya elfu hamsini, nizichukue nikazijaribu, na nikizirudisha kama zilivyo nirudishiwe changu. Lile "kama zilivyo" nililisikia lakini sikulitia maanani.

Wiki hiyohiyo shemegi yangu, kaka yake Mama Salma, akashuka likizo kutoka Maskati. Gofu ameijulia huko, na huja na habari za uwanja wa Al Mouj, uliobuniwa na Greg Norman, ambako majani yanaota jangwani kama yamepewa amri. Alikuja na seti yake: bledi vilevile, za kufuliwa vilevile, umri wake miaka miwili, ila hizi hazikupakwa kromu kabisa. Chuma kitupu, rangi ya kijivu, mtindo wanaoupenda baadhi ya wachezaji wa sasa. Anataka kubadilisha, akasema. Mimi atanipa kwa bei ya udugu. Bei ya udugu ilikuwa mara tano ya bei ya balozi.

Nikalipeleka suala Jaws Corner, baada ya alasiri, kwenye kahawa. Lilikuwa kosa la pili. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kupiga gofu, na hilo halikumnyamazisha mtu. Mzee mmoja akaweka kete ya dhumna chini akasema chuma cha zamani ni chuma, cha sasa ni makopo yaliyoyeyushwa. Akatoa ushahidi wa Vespa yake, feni yake na baiskeli ya marehemu baba yake. Kijana mmoja akasema mbona Tiger Woods aliposhinda Masters ya 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, akiwa na miaka 21, hakuwa na fimbo za mababu. Nikamwambia zile zilikuwa bledi za kufuliwa za Mizuno, na leo nazo zimeshakuwa za zamani. Hapo pande zote mbili zikaona zimeshinda. Kahawa ya watu sita nikalipa mimi.

Kusema kweli mabishano yetu yalikuwa juu ya kitu kimoja kwa majina mawili. Bledi ya miaka ya 1970 na ya leo ukizilaza pamoja zinafanana kama mtu na mwanawe. Tofauti kubwa iko kwenye mlalo wa uso, ile pembe inayoamua mpira upae au uende mbele. Namba 7 ya zamani ina digrii 38 hivi. Namba 7 ya shemegi ina 34. Na hizo za kumimina, zinazouzwa kwa sifa ya kwenda mbali, siku hizi zimefika 30 na hata 28, yaani wamechukua namba 5 ya enzi za balozi wakaiandika 7. Kumbe ni muuza ndizi tu, aliyeacha chane ileile akabadilisha hesabu. Mimi nayajua haya. Nayajua vizuri. Lakini tulipokwenda kuzijaribu, mpira wa shemegi ukatua hatua kumi na kitu mbele ya wangu kwa namba ileile, na elimu yote ikanitoka.

Tulikwenda kwenye uwanja wa mashimo 9 ulio kando ya bahari, upande wa Mangapwani. Shemegi alikodi gari. Mimi, kwa kuwa ndani palijaa mabegi yake, nilipanda daladala na begi langu mapajani. Konda akaniuliza kama ni fundi bomba. Nikamwambia ndiyo, ili asinitoze zaidi.

Upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Nikashika namba 7 ya balozi. Mpira wa kwanza niliupatia. Hata sijui nilifanya nini. Kulikuwa na mlio mmoja mfupi, kama mtu aliyefunga kasha la mninga, na mpira ukaondoka chini ya upepo, ukapanda polepole, ukakaa. Vidole havikusikia chochote. Ningekufa hapo ningekufa mchezaji.

Wa pili ukapinda kulia ukaenda baharini. Wa tatu ukaufuata. Wa nne ukagonga jiwe la matumbawe lililochomoza kwenye majani, ukarudi kwa kasi ileile, ukanipita sikioni, ukasimama nyuma yetu hatua ishirini. Kijana aliyetubebea fimbo akautazama kwa heshima zote.

"Mzee, huo ulikuwa mzuri," akasema. "Ila umerudi."

Nikaazima za shemegi. Mpya, kijivu, vishikio vinanata kama gundi ya fenesi. Mmoja mzuri, mitatu baharini. Nikarudi kwenye za balozi: mmoja mzuri, mitatu baharini. Ukinilazimisha kiapo nitasema hivi: baina ya fimbo ile na hii kuna hatua kumi, na baina yangu na fimbo yoyote kuna hatua arubaini. Jioni ile lakini sikuwa mtu wa kulazimishwa kiapo. Nilikuwa nataka zile hatua kumi.

Fimbo ya kufuliwa ina sifa moja ambayo nyingi za kumimina hazina: chuma chake ni laini, shingo yake inapindika, mlalo unaweza kurekebishwa kwa digrii moja au mbili. Kuna mashine maalumu ya kazi hiyo. Sisi tuna fundi wa nondo za madirisha, mtaa wa pili. Nikampelekea namba 7, nikamwonesha kwa kiganja: isimamishe kidogo, kidogo tu, kama ukucha. Akaifunga kwenye jiliwa, akaiangalia, akawasha gesi.

"Fundi, moto hauhitajiki."

"Chuma bila moto, mzee?" Akanitazama kwa huruma.

Kichwa cha fimbo hushikiliwa kwenye mpini kwa gundi, na gundi haipendi moto. Kikafuka kimoshi, ukaja mnuko wa plastiki, kisha namba 7 ya balozi ikaanguka sakafuni, tii. Fundi akaiokota kwa koleo, akaitia kwenye ndoo, ikalia tsss. "Sasa imelainika," akasema. Akairudishia kwa gundi ya kuungia bodi za magari, akaipangusa, akanipa. Hakunitoza hata senti. Alisema amejifunza kitu. Ilikuwa imekaa kombo, uso umegeukia ndani kama mtu aliyesusa.

Nikarudi nyumbani nikiwaza namna ya kumwambia mwenye duka kuhusu "kama zilivyo". Ndipo nikapanda darini.

Juu ya paa, kwenye kamba ya nguo, baina ya shuka na kanzu zangu, palikuwa na mataulo mawili matupu. Chini yake, kwenye mkeka, fimbo za shemegi zimepangwa kwa namba, safi, zinaota jua. Mama Salma alikuwa ameziona zina matope ya Mangapwani, na usiku ule tulikuwa na khitma nyumbani. Alizilaza usiku kucha kwenye beseni la sabuni na maji ya kisima chetu, ambayo chumvi yake inatosha kupikia muhogo. Asubuhi akazisugua kwa waya wa masufuria, akazipandisha juu zikaukie upepo wa bahari.

Chuma kitupu, kisichopakwa kitu, Unguja, miezi ya kusi. Zilikuwa zimeshageuka rangi ya chai ya tangawizi.

"Mke wangu, umefanya nini?"

"Si ulisema ni za kufuliwa? Nimezifua."

Mpaka leo sijui kama hakunielewa au alinielewa sana.

Shemegi alipanda, akasimama, akachukua namba 5, akapitisha kidole, akakitazama kidole. Ni mtu mpole. Alisema kwa watu wengine kutu hiyo ni fahari, wapo wanaoiacha makusudi, wanasema inapunguza mng'ao wa jua machoni. Kisha akairudisha namba 5 mkekani.

"Nafikiri sasa ni zako, shemegi," akasema.

Kwa mwenye duka nako hapakuwa na njia. Aliigeuza namba 7 mara moja tu, akanyoosha mkono kupokea laki mbili zilizobaki. Kwa hiyo mtu akiniuliza baina ya bledi za zamani na mpya nilichagua zipi, jibu langu ni kwamba nilizinunua zote, na zote kwa sababu ya kuziharibu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena Mangapwani, peke yangu, na namba 7 iliyosusa. Nililenga bendera kama kawaida yangu, nikazungusha kama kawaida yangu, nikasubiri mpira upinde kulia uende kwa samaki. Haukupinda. Ulikwenda moja kwa moja ukatua majanini. Nikapiga wa pili, wa tatu, wa kumi. Kombo la fundi na kombo langu yalikuwa yamekutana katikati yakaafikiana. Yule kijana wa kubeba fimbo alikuja akaniuliza nimejifunzia wapi.

Seti ya shemegi bado nailipa, imebaki miezi minne. Nimezisugua kwa ndimu na majivu, na kila Ijumaa nazipaka mafuta ya nazi, ambayo Mama Salma huniandikia kwenye hesabu ya jikoni. Namba 3 ya balozi inaangulia maembe. Anayezitaka zile mpya, tulivu, zilizofuliwa mara mbili, aje Kikwajuni baada ya magharibi tuzungumze bei ya udugu. Namba 7 ya zamani haiuzwi.