Unadi wa Riwaya Katika Msimu wa Korosho

Unadi, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kazi yote anayoifanya mtunzi baada ya kitabu chake kuchapishwa ili kimfikie msomaji na kirudishe angalau gharama ya basi lililokileta kutoka Dar es Salaam; neno lenyewe linatokana na kitenzi kunadi, yaani kutangaza bidhaa kwa sauti, ambacho ndicho kilichozaa pia mnada, na mkazi wa Magomeni katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani hahitaji kufafanuliwa mnada ni nini, kwa kuwa kuanzia Oktoba ya kila mwaka mipango yake yote, pamoja na harusi na madeni, hungojea mnada wa korosho. Utunzi ni kinyume cha hayo, kwa sababu humtaka mtu anyamaze na asionekane. Kazi hizi mbili zinamgombea mtu mmoja, kwenye kiti kimoja cha plastiki, katika saa zilezile za asubuhi kabla jua halijachoma bati.

Wachunguzi wa fasihi huwa na desturi ya kulipeleka suala hili Uingereza, ambako Anthony Trollope, mtumishi wa posta, aliweka saa mezani na kujilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini, ilhali Charles Dickens alizunguka akiwasomea watu hadithi zake majukwaani, Marekani mwaka 1867 na 1868, kisha Uingereza kwenyewe hadi afya ikamwangusha mwaka 1869, na mwaka uliofuata akafariki akiwa ameiacha The Mystery of Edwin Drood katikati. Mifano hiyo ni mizuri, isipokuwa Trollope hakuwahi kupanga Magomeni.

Mtunzi ambaye mwenendo wake unachunguzwa hapa, na ambaye mwandishi wa insha hii anamfahamu kwa karibu kuliko anavyopenda kukiri, aliijaribu kanuni ya robo saa kwa uaminifu. Alikaa mezani baada ya sala ya alfajiri, akaandika maneno tisa, na hodi ya kwanza ikapigwa. Kikwazo chake hakikuwa uvivu bali msamiati, kwa kuwa neno mwandishi katika Kiswahili humbeba mtunzi wa riwaya, mwanahabari, katibu wa kikao na mtu yeyote mwenye hati nzuri, bila kuwatenganisha. Hivyo jirani aliyesikia kwamba katika nyumba ya tatu kutoka kisimani anaishi mwandishi alikuja, kwa haki kabisa, na barua ya maombi ya kazi ya mwanawe, na baada yake akaja mama mmoja na daftari la kikoba, kile chama cha kuweka na kukopeshana fedha, ambalo hesabu zake zilikuwa zimegoma kulingana. Historia inawaunga mkono kwa kiasi fulani, kwani Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi. Ila haijaandikwa popote kwamba alifuatwa nyumbani alfajiri ili aorodheshe michango ya harusi, na kuulizwa kwa upole, "Mwalimu, kwani ulikuwa na kazi?"

Kwa upande wa unadi, mtunzi huyo alianza kwa kuwaonea wivu wakulima. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, hupewa stakabadhi, yaani karatasi inayothibitisha uzito na daraja la mzigo wake, kisha hurudi nyumbani akapumzika wakati wanunuzi wanashindana bei mnadani. Humwoni mtu na gunia kichwani akibisha nyumba kwa nyumba na kueleza kwamba korosho zake zinahusu mapenzi na usaliti. Riwaya haina ghala. Na mambo yalipoharibika Novemba 2018, wanunuzi wakatoa bei ndogo, Serikali iliamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaagizwa kuzisomba. Kumbukumbu za fasihi ya Kiswahili hazina riwaya hata moja iliyosombwa na jeshi, angalau kwa nia njema.

Msimu huo huo wa korosho ndio pekee ambao msomaji wa Mtwara ana fedha mfukoni, na kwa hiyo ndio pekee ambao mnadi wa vitabu ana sababu ya kutoka nje; kuanzia mvua za Machi jibu la kila mlango ni kwamba malipo yakitoka atakumbukwa, au kwamba nakala ya ujirani hailipiwi. Mtunzi akaamua basi kuandika masika na kunadi vuli, mpango ambao ungefaulu kama mawazo nayo yangekuwa na msimu. Yalimjia Novemba, akiwa amesimama stendi na boksi la vitabu, karibu na mama anayeuza ming'oko, vile viazi vya mwituni, ambaye bidhaa yake iliisha saa tatu asubuhi bila kutoa maelezo yoyote kuhusu wahusika.

Kosa kubwa zaidi alilifanya barazani. Alipoulizwa kitabu kinahusu nini, alijibu kwa ukamilifu: jioni tatu mfululizo aliwasimulia wazee kisa cha bibi mwenye shamba la mikorosho karibu na Kilambo, kwenye mpaka wa Mto Ruvuma, akaiga sauti, akanyamaza penye kunyamaza, na wazee wakasifu sana, wakaagiza kahawa kwa gharama yake. Siku ya nne alipoleta nakala za kuuza, mmoja aliuliza kwa mshangao wa kweli, "Mjukuu wangu, sasa tununue cha nini na tumeshaisikia?"

Akaacha kusimulia, akakodi bajaji yenye spika. Mtangazaji wake alikuwa fundi wa miaka mingi katika matangazo ya misiba na watoto waliopotea, na alikabidhiwa karatasi yenye jina la riwaya, Safari ya Mwisho ya Bibi Somoe, pamoja na mahali na saa ya uzinduzi. Aliisoma kama alivyozoea kusoma. Kufikia saa kumi alasiri, uani pa mtunzi palikuwa na wanawake waliojitanda khanga, wameleta mchele na sukari, na mzee mmoja alikuwa tayari amefungua daftari la rambirambi, yaani fedha anazopewa mfiwa kumsaidia gharama, na kuandika majina ishirini na sita. Mtunzi alipoeleza kwamba marehemu hajawahi kuwapo, ikatokea hoja nzito ya kimila, kwa kuwa rambirambi iliyoandikwa hairudishwi. Ikaamuliwa kila aliyetoa apewe nakala, na kwa njia hiyo vitabu vingi viliondoka kwa siku moja kuliko katika miezi yote iliyotangulia.

Wamevisoma, na wamerudi. Wanawake hao hawakupendezwa na mwisho wa riwaya, ambamo Bibi Somoe anafariki bila kujulikana mikorosho inakwenda kwa wanawe, kama sheria ya mirathi ya Kiislamu inavyotaka, au kwa wapwa, wanaodai utaratibu wa zamani wa Wamakonde wa kurithi kupitia upande wa mama, jambo ambalo mtunzi aliliacha wazi kwa sababu za kisanaa na pia kwa sababu hakulijua. Wamemwarifu kwamba watakuja siku ya arobaini ya marehemu kusikia shamba limekwenda kwa nani, na kwamba mchele wataleta wenyewe. Zimebaki siku kumi na saba, sura ya kwanza ya kitabu cha pili ina maneno tisa, na mama wa kikoba yuko mlangoni na daftari lake, ingawa safari hii amekuja kuuliza tu kama wapwa wamepata chochote.