Mseja wa Angani

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza 1946, likafa 1977 sambamba na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao hapa Arusha. Tukagawana hasira kwanza, ndege baadaye, tukafunga na mpaka wa Namanga, kati ya Tanzania na Kenya, hadi 1983. Wenzetu wa Skandinavia, SAS, walikuwa miongoni mwa waasisi wa muungano wa mashirika ya ndege, Star Alliance, 1997. Mwaka 2024 wakahamia SkyTeam kwa wapinzani, na hakuna aliyefunga mpaka wowote.

Jumuiya imefufuka, ina jumba lake mjini, lakini Kenya Airways aliolewa SkyTeam 2010. Ethiopian, jirani asiye hata mwanachama wetu, yuko Star tangu 2011. Air Tanzania? Binti bado yuko kwao. Mahari, nasikia, inajadiliwa na kamati ndogo.