Waraka kwa Mabibi Wenye Chumba cha Arobaini

Mabibi zetu wa Kibaha na Kisarawe,

Nawaandikia ninyi badala ya waganga wakuu kwa sababu najua wodi ya wazazi inatawaliwa na nani. Hospitali hukaa na mzazi siku moja, zikizidi mbili, kisha huwakabidhi ninyi mama na mwana. Manjano ya mtoto aliyetimiza miezi tumboni hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya tano. Siku hiyo daktari wa zamu ni bibi, na chumba chake kina pazia zito na taa hafifu ya njano. Humo kila mtu ni wa njano, hata bibi mwenyewe.

Sisemi hamjui. Zaidi ya nusu ya watoto huwa wa njano kidogo wiki ya kwanza, na wengi hupona kwa kunyonya tu, kama msemavyo. Ini lao bado changa, halijamudu kuondoa bilirubini, ile taka ya damu inayovunjika. Maziwa humsaidia mtoto kuitoa kwa choo. Basi kwa nini dang'a imwagwe kwa kuwa eti ni chafu, na mtoto anyweshwe maji ya sukari na dawa ya mchango?

Kisha lipo jua la asubuhi, mlilolipa cheo cha bingwa wa watoto. Lina historia yake. Mwaka 1956 huko Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward alipenda kuwatoa njiti juani. Ikaonekana ngozi iliyopigwa na jua imepungua njano, na iliyofunikwa imebaki vilevile. Utafiti uliofuata ndio uliozaa taa za mwanga wa buluu za hospitalini. Lakini watoto wenu hutoka na kofia, soksi na mablanketi mawili, basi jua linatibu blanketi. Hata akivuliwa, dakika chache hazitoshi kwa njano kali, na zikizidi zinamchoma. Wauguzi wanaomwambia mama "kamwanike" bila kumgusa mtoto, nanyi mmo katika salamu hizi.

Mpelekeni mtoto dirishani mchana. Bonyezeni ngozi ya pua na kifua, mtazame rangi inayobaki. Tazameni pia ufizi na weupe wa macho. Njano iliyotokea ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa haingoji kesho; ni safari ya hospitali. Haingoji pia iliyofika viganjani na kwenye nyayo, wala mtoto anayelala mno na kukataa titi. Bilirubini ikishapenya kwenye ubongo, mtoto hujipinda mgongo kwa nyuma, hulia kwa sauti nyembamba na kushikwa degedege. Hapo huitwa mganga, akasingiziwa ndege wa usiku, naye ndege hana wakili. Mtoto akinusurika, huenda akabaki kiziwi au asiyeweza kukaa.

Na lile kabati? Nguo za mtoto aliyetangulia mmezitunza vyema, kwa naftalini. Pwani yetu imekaa na malaria vizazi na vizazi, na ndiyo maana wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu. Naftalini huivunja damu yao ovyo, na njano hupanda ghafla. Mvisheni nguo zisizokutana na dawa hiyo. Jua nalo lipewe kazi hapo, ya kuanika nepi.

Hata pasipo njano, wekundu ukienea kuzunguka kitovu, mwili ukichemka au ukiwa na baridi isiyo ya kawaida, safari ni hiyohiyo ya hospitali.

Najua Mzenga ya Kisarawe na Magindu ya Kibaha si jirani na daktari. Lakini namba 115 ya mpango wa m-mama hupigwa bure, na kazi yake ni kutafuta usafiri wa mzazi na mtoto mchanga. Baba wa mtoto sijamtaja mpaka sasa kwa kuwa chumbani hamumruhusu kuingia. Mpeni basi kazi ya kupiga simu hiyo; nje anakokaa mtandao unashika vizuri.

Mjukuu wenu