Mwongozo wa Kuupanda Kilimanjaro kwa Tasnifu

Hatua ya kwanza ni kuachana na kilele. Najua inauma. Mwanafunzi wa uzamili akishuka stendi ya Moshi asubuhi isiyo na mawingu, kilele cha Kibo kinamng'aria usoni, na kabla hajapata chai ameshaamua kwamba utafiti wake utahusu barafu. Barafu ina wenyewe. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na kikosi chake kutoka Chuo Kikuu cha Ohio State walitoboa barafu ya Kibo wakapata nguzo sita, na mwaka 2002 wakaandika kwamba barafu yote huenda ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu bado ipo, ingawa imebaki vipande. Georg Kaser, Douglas Hardy na wenzao nao wakashikilia kwamba kinachoila zaidi ni ukame wa hewa ulioanza mwishoni mwa karne ya 19: theluji ilipungua, na barafu ikawa inageuka mvuke bila hata kuwa maji. Mjadala huo una heshima yake, na unataka mitambo, wapagazi na mapafu. Wewe una miezi sita na nauli ya haisi. Panda hadi Kibosho, Machame au Marangu, ushukie penye migomba.

Sasa umeingia kihambani, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, na hapa usiwe na haraka. Tazama juu: mringaringa na mfuruanje. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi na maharage. Ng'ombe yuko zizini analetewa majani, na samadi yake inarudi kwenye shina la mgomba. Pembeni unapita mfongo, mfereji uliochimbwa kwa mkono kuleta maji kutoka juu msituni. Mwaka 1984 Fernandes, O'kting'ati na Maghembe walikieleza kihamba hiki kwa wataalamu wa kilimo mseto, na tangu hapo kinatajwa darasani duniani kote. Andreas Hemp, aliyeutembea mlima huu miaka mingi, alihesabu aina zaidi ya 500 za mimea kwenye vihamba, nyingi zikiwa zimejiotea zenyewe.

Ukisimama hapo ukasema huna mada, rudi stendi. Mtu wa udongo atachukua samadi. Mtu wa wadudu atachukua nyuki wanaotembelea ua la kahawa. Mtu wa sheria atauliza kwa nini kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba, na atamkuta Sally Falk Moore ameshaandika kitabu kizima mwaka 1986 kuhusu mila na mashauri ya ardhi mlimani kwa miaka mia moja. Mtu wa historia atafuata mfongo, naye atamkuta Matthew Bender na kitabu chake cha 2019 kuhusu maji ya Kilimanjaro. Mtu wa isimu atasikiliza Kirombo na Kimachame, atashangaa jinsi lugha za mlima mmoja zilivyoachana, kisha atamsoma Derek Nurse, aliyezipanga lahaja hizi mwaka 1979. Hata umbea wa sokoni umeshafanyiwa kazi ya maana: Tuulikki Pietilä wa Finland alikaa na akina mama wafanyabiashara akaandika jinsi maneno ya sokoni yanavyompa mtu thamani au kumvua. Na jani la isale linaloota mpakani mwa vihamba, ambalo ndilo hilohilo linalopelekwa kuomba msamaha, linawangoja mtu wa mimea na mtu wa dini waje siku moja.

Wenye kihamba wameshazoea. Ukiamkia "Shikamoo babu," usishangae ukijibiwa, "Marahaba mjukuu wangu. Wewe ni wa nyuki au wa udongo?" Jibu kwa ukweli. Usitoe dodoso kwanza. Kaa, eleza umetoka kwa nani na barua ya mtendaji wa kijiji iko wapi, kula ndizi ulizopikiwa. Mbege, pombe ya ndizi, ikija kwenye kata, ipokee kwa mikono miwili. Kama hunywi, sema hunywi, hakuna atakayekufukuza. Kumbuka nayo ni mada: ndizi zilizopikwa zikachacha, kimea cha ulezi, gome la msesewe kwa uchungu, na vijidudu visivyoonekana vinavyofanya kazi usiku kucha. Wataalamu wa chakula wameiandikia makala.

Vibali visikupotezee usingizi, ila visikupite. Anza navyo mapema kuliko unavyodhani inafaa, hasa kama unataka kuingia hifadhini au kumtoa mgonjwa damu.

Hatua ngumu ni swali. Ushauri wangu ni mmoja: tafuta jambo ambalo kila mtu ana hakika nalo, ukalipime. Kati ya 2007 na 2008 John Crump na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7, waliandikiwa kwamba wana malaria. Damu ilipopimwa ipasavyo, waliokuwa na malaria kweli ni 14. Wengi wa waliobaki walikuwa na magonjwa mengine kabisa, yakiwemo yale yanayotoka kwa mifugo, kama homa ya mgunda na ugonjwa wa kutupa mimba. Fikiria mama anayemeza dawa ya malaria wiki nzima huku ugonjwa wake umetoka zizini. Hapo utaona kwa nini daktari wa binadamu na daktari wa mifugo wanapaswa kukaa meza moja, na kwa nini mtu wa sosholojia awe wa tatu, ili aulize ni nani anayemkamua ng'ombe huyo.

Teremka pia hadi Mabogini, kwenye mpunga wa umwagiliaji. Ungetarajia penye majaruba malaria izidi. Jasper Ijumba na wenzake waliandika mwaka 2002 kwamba kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi zaidi, lakini hatari ya kuambukizwa ilikuwa ndogo kuliko kijiji cha mahindi kisicho na mifereji. Maelezo yalipita kwenye vyandarua, ng'ombe wanaoumwa na mbu badala ya watu, na mfuko wa mkulima. Mtu wa mbu alijikuta anasoma uchumi.

Mwenye uchumi wake hana haja ya kwenda mbali. Chama cha wakulima wa kahawa wenyeji kilianza mlimani mwaka 1925, chama cha ushirika cha KNCU kikafuata mwaka 1933, na chuo cha ushirika kilichofunguliwa Moshi mwaka 1963 ndicho leo Chuo Kikuu cha Ushirika. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo kipo tangu 1934. Muulize mkulima kwa nini ameng'oa kahawa akapanda ndizi za kuuza, kisha usimkatize. Atakutajia ugonjwa wa chulebuni, bei, ada za shule na kaka yake aliye mjini, na hizo ni idara nne za chuo.

Sasa twende Old Moshi, na hapa naomba utulie. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa hapo, pamoja na viongozi wengine. Familia zinaamini kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alikitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba fuvu moja kutoka mkusanyiko wa kikoloni limelingana kwa vinasaba na ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwamo. Angalia kilichohitajika kufika hapo. Mtu wa nyaraka alisoma daftari za wakoloni. Mtu wa maumbile alipima mate na mfupa. Lakini mashine ya vinasaba isingekuwa na cha kulinganisha bila wazee wanaojua kwa mdomo nani alimzaa nani tangu 1900. Ukisikia mtu anabishana kipi ni elimu ya kweli, sayansi au historia, mpeleke Old Moshi kwa watu wanaosubiri kuzika.

Hatua ya mwisho hufanywa na wachache, nami naitaka zaidi kuliko zote: rudisha majibu. Nakala ya maktabani haitoshi. Andika kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida, bila jedwali, uzisome kwenye mkutano wa kijiji na ujibu maswali, nayo yatakuwa makali kuliko ya watahini. Panga mkutano wiki ya mwisho ya Desemba, Wachagga wanapopanda nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Warithi wote wa kihamba watakuwepo, pamoja na wale ambao sampuli yako iliwakosa.