Mtumbwi Barazani

Baraza ya nyumba yetu ina urefu wa hatua tisa. Nimeipima mara nyingi nikipanga mikeka ya makopa. Huku Puta, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, mvua huanza Novemba na kutuacha Aprili, na mhogo haungoji. Ukishalowekwa siku tatu nne ukalainika, lazima uvunjwe vipande na kuanikwa, la sivyo unaota ukungu. Jua likikosekana unatafuta paa lenye upepo chini yake. Kwetu paa hilo ni moja, na mwaka ule mume wangu alilitaka hilohilo.

Serikali hufunga uvuvi tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Miezi hiyo mitatu wanaume wanashona nyavu na kukarabati vyombo. Wengi siku hizi wana maboti ya mbao, maana miti minene iko mbali. Sisi tulikuwa na gogo. Marehemu baba mkwe aliangusha mninga, mti ambao huku unaitwa mulombwa, akauchimba nusu hukohuko porini ili upungue uzito, kisha vijana wakauvuta kwa kamba mpaka nyumbani. Akafariki kabla hajaumaliza. Mume wangu aliposema, "Mama watoto, naomba baraza," ningewezaje kulikatalia paa gogo la marehemu? Likikaa nje linanyeshewa asubuhi na kuchomwa na jua mchana, na mti unaotendewa hivyo hupasuka. Nikasogeza mikeka. Mhogo ukabaki na hatua mbili.

Mulombwa ukiujeruhi ungali mbichi hutoa utomvu mwekundu kama damu. Hata ukikauka, unga wake ni wa rangi ya kutu, mwepesi, unapanda hewani na kukereketa kifua. Tezo ilipoanza kazi, unga ule ulikaa juu ya kila kitu: nguo kambani, nywele za watoto, makopa yangu. Niliyapangusa nikadhani yametoka. Siku waliyokuja wazee kumposa wifi yangu mdogo, nilitwanga, nikachekecha, nikasonga ugali, au bukari kama tunavyouita kwetu Pweto ng'ambo ya mpaka. Ukageuka mwekundu sufuriani mbele ya macho yangu. Nikauonja, mchungu. Mama mkwe alichungulia, akafunika sufuria, akanituma mlango wa nyuma kwa jirani kuomba unga. Wageni walikula wamechelewa, lakini walikula cheupe.

Usiku ule nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayarudia hapa. Hakujibu. Tukaanza wiki ya kupitana kimya barazani, yeye na tezo, mimi na ungo.

Sasa nieleze jambo nililolielewa nikiwa nimeshachelewa. Anayechimba mtumbwi kwa mkono haoni unene wa ubavu anaouchonga. Akiacha mti mwingi, chombo ni kizito na kinazama mapema. Akipunguza mno, kinatoboka. Baba mkwe alimfundisha mwanawe kukata vijiti vyote kwa urefu mmoja, upana wa vidole viwili, na kuvichoma ncha mpaka ziwe nyeusi. Unatoboa matundu kwa keekee upande wa nje, unavipigilia vijiti humo, kisha unachonga kutoka ndani. Tezo ikifichua nukta nyeusi, hapo unaacha. Kijiti chenyewe kinabaki kimeziba tundu.

Vijiti vyake vilikuwa kwenye kopo karibu na jiko. Asubuhi moja kuni zote zilikuwa zimelowa. Nikaona vijiti vikavu, ncha zimeungua, nikadhani ni masalio ya moto wa jana. Nikavikokea vyote. Chai ilichemka haraka sana siku hiyo.

Kwa sababu hatukuwa tunasemeshana, hakuniuliza. Alikata vingine upesi, kwa kukisia, na kimoja kilikuwa kifupi kuliko wenzake. Jioni nikasikia tezo ikigonga, ikigonga, halafu sauti tofauti, kavu, na baada yake hakuna. Nilipotoka alikuwa ameinama ndani ya gogo, mkono wake umetokeza upande wa pili kupitia sakafu ya mtumbwi. Sijamwona mume wangu akilia ila siku ya mazishi ya baba yake na siku hiyo. Nikakaa chini kando yake, nikamwambia habari ya vijiti na chai.

Kiraka alikichonga kwa kipande cha mti uleule, kipana nje na chembamba ndani, ili maji yakikisukuma kizidi kukaza. Akakizungushia pamba na lami. Ilimchukua siku nne, na kwa siku hizo nne nilimshikia taa.

Februari tuliushusha majini kuujaribu. Haukuvuja hata tone. Lakini ulikwenda upande, ukivuta kushoto kila alipoacha kupiga kafi. Hilo si dogo hapa. Mweru ni ziwa kubwa lenye kina kifupi, wastani wake haufiki mita 10, na upepo ukivuma mawimbi yanainuka upesi, mafupi na makali. Mtumbwi unaovuta upande hulaza ubavu kwenye wimbi. Tukaurudisha barazani. Akafunga uzi kutoka omo hadi tezi, akapima huku na huku, asione kosa.

Mwanetu mkubwa ndiye aliyetuletea simu. Alikuwa na video ya mtu wa Hawaii akichonga ubao wa kupandia mawimbi. Wahawaii wa zamani walizichonga mbao hizo kwa mti wa koa au wiliwili kwa tezo za mawe, wakazisugua kwa matumbawe. Huyu alikuwa na randa, na kila baada ya kupitisha mara mbili tatu aliiweka chini, akafumba macho, akapapasa kingo kwa viganja vyote viwili, kushoto na kulia kwa pamoja. Niliutambua mkono ule. Ndivyo ninavyoupapasa unga kwenye ungo kutafuta chenga ambayo jicho halijaiona.

Nikafuta mikono kwa kitenge, nikapiga magoti chini ya mtumbwi uliopinduliwa juu ya magogo, nikafumba macho. Viganja vilienda sawa kutoka mbele mpaka karibu na kiraka. Hapo cha kushoto kikapanda. Pamenenepa kidogo tu, nyuma ya kiraka, pale alipoogopa kupunguza mti baada ya tundu.

"Hapa," nikamwambia.

Akaleta mkono wake, nikauweka juu ya mahali penyewe, akakaa nao muda. Kisha akachukua randa. Nami nikavuta mkeka wa makopa pembeni, mbali na vumbi.