Hotuba ya Profesa wa Gia Chini ya Mwembe wa Ruziba

Waheshimiwa wenye magari, waheshimiwa wenye ndoto za magari, mama zetu wa ndagala, vijana wa taksi, na wewe mtoto uliyekalia tairi langu la akiba: itifaki imezingatiwa.

Mimi naitwa Profesa. Wa chuo gani, msiulize. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wao waliishia kuinama. Mimi nimelala mvunguni miaka ishirini, mgongo kwenye vumbi, uso kwenye oili inayodondoka. Nilianzia Buyenzi, kule ambako gari bovu likikata kona ya avenyu ya kwanza, kabla halijafika ya tano mafundi saba wameshafungua boneti na wa nane anatoa bei. Kule giaboksi huiita buwati. Mimi husema Mfumo Mkuu wa Uhamishaji wa Nguvu Zungushi, ndiyo maana bei yangu ni mara mbili.

Mada ya leo ni kuchagua giaboksi, na oili yake, kwa gari lenye nguvu nyingi. Naona mnacheka chinichini. Mnajiuliza, Ruziba kuna nguvu gani, na petroli yenyewe tunailalia foleni usiku kucha? Hapo ndipo mnapokosea. Gari linalokimbia halina nafasi ya kufikiri. Gari lililolala foleni siku mbili, hilo ndilo lenye muda wa kutafakari giaboksi yake.

FUNDISHO LA KWANZA: FARASI HAVUNJI KITU

Kijana mwenye Chaser nyeupe, simama watu wakuone. Injini yako ni 1JZ-GTE, lita mbili na nusu, turbo moja. Kwenye karatasi ina farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikubaliana siku zile wasiandike zaidi ya hapo, kama majirani wanavyokubaliana kiwango cha mchango wa harusi huku kila mmoja akijua mwenzake ana zaidi mfukoni. Wewe unajisifia farasi. Ndugu yangu, farasi havunji giaboksi. Kinachoivunja ni msokoto.

Msokoto wa injini yako kiwandani ulikuwa nyutonimita 378. Sasa weka gia ya kwanza ya giaboksi ya R154, ambayo huzidisha msokoto mara tatu na robo. Ukitoka upande wa pili, kwenye propela shafti, bila kuhesabu unaopotea njiani, umekuwa karibu nyutonimita 1,230. Hamwelewi? Chukueni spana yenye urefu wa mita moja, mwambieni mtu wa kilo 80 asimame kwenye ncha yake akiwa amebeba mfuko wa mihogo wa kilo 45. Huo ndio uzito unaoning'inia kwenye meno ya gia kila unapokanyaga mafuta ili binti fulani pale sokoni ageuke.

Kwa hiyo giaboksi huchaguliwa kwa msokoto, si kwa majivuno. W58 ya Toyota inaibeba vizuri injini isiyo na turbo. Ukiifungia turbo na mguu mzito, unainunulia jeneza. R154, ya gia tano, ndiyo iliyotengenezewa kazi hiyo. Na wale waliouza shamba la urithi wanaweza kutafuta V160 ya Getrag, ya gia sita, iliyokuja na Supra ya turbo mwaka 1993. Ngoma ikilia sana hupasuka. Giaboksi ya bei rahisi haingoji hata ilie sana.

Ndiyo, mama wa ndagala, naona mkono wako. Unauliza, kwenye barabara hii ya Ruziba, Chaser ya huyu kijana inafika gia ya ngapi? Ya pili. Ya tatu Jumapili asubuhi, kama hakuna mbuzi. Maswali mwishoni, mama.

FUNDISHO LA PILI: MLIMA HAUSIKILIZI TURBO

Wakuu, ziwa letu liko kwenye mwinuko wa mita 774 hivi. Bugarama iko juu ya mita 2,000. Kati yao kuna kilomita kama 35 tu za barabara, kona juu ya kona, lori la ndizi likishuka, wewe ukipanda. Hapo ndipo otomatiki hutoa siri zake.

Ndani ya otomatiki, baina ya injini na gia, kuna konveta: mapanga mawili yanayotazamana ndani ya oili, moja linasukuma oili, jingine linasukumwa nayo. Hayashikani, yanapepeana. Ukipanda polepole na mzigo, panga la kwanza linazunguka sana, la pili kidogo, na tofauti yote inageuka kuwa joto. Mafundi tuna kanuni yetu: oili ikizidi joto lake kwa nyuzi kumi hivi, umri wake unakatika nusu. Ikianza kuwa ya kahawia na kunuka kama kiberiti kilichozimwa, umri umekwisha kabisa, na klachi za ndani zimeanza kuandika wosia.

Basi fanyeni hivi. Panda kwa gia ya chini, usiiache giaboksi ikiruka huku na huku kati ya mbili. Funga kipozeo cha oili cha ziada mbele ya rejeta. Ukishuka, shuka kwa gia, breki ziwe za akiba. Na watazameni vijana wa baiskeli wanaopanda wakiwa wameshikilia nyuma ya lori. Mnawaita wahuni. Kitaalamu, hao ndio waliochagua giaboksi bora kuliko ninyi nyote: yenye nguvu, na ni ya mtu mwingine.

Hata historia inatuunga mkono. Pale Mugere, kusini kidogo mwa hapa, kuna jiwe la kukumbuka kwamba Livingstone na Stanley walipita mwezi Novemba 1871. Walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Kasia ni gia moja tu, na halikuwaangusha.

FUNDISHO LA TATU: OILI SI MAJI YA KUNYWA

Hapa tulieni, ndipo pesa zenu zinapopotelea. Giaboksi ya manyuo, hasa ile ya zamani, ina pete za shaba zinazosaidia gia ziingie bila kupiga kelele. Mara nyingi inataka oili ya GL-4. Oili ya GL-5 imetengenezewa difu. Ina dawa kali ya kuzuia meno yasisagane, na GL-5 nyingine hula shaba. Muuzaji akikwambia namba kubwa ndiyo bora, mwambie akavae viatu namba 46.

Tukija kwenye otomatiki, Toyota ina oili ya T-IV, na ina WS, ambayo ni nyepesi zaidi na ndiyo inayotakiwa kwenye Mark X. Usizichanganye. Dereva wa Probox, na wewe usicheke. Probox za zamani zina otomatiki ya kawaida. Zilizotoka Japani kuanzia 2014 zina CVT, isiyo na gia kabisa, ila mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Mkanda huo unashika kwa sababu oili yake imetengenezwa ili ushike. Mimina humo ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, utasikia mluzi, na mluzi huo ni wa pesa zako zikikuaga.

Kupima oili nako kuna adabu. Injini ikiwa inanguruma na imepata moto, gari mahali tambarare, peleka rungu la gia taratibu kila nafasi, rudisha kwenye P, ndipo uchomoe kijiti. Anayepima asubuhi injini ikiwa baridi anajidanganya kwa kijiti kisafi.

Sasa kwa nini ATF ni nyekundu? Imetiwa rangi ili usiichanganye na oili ya injini. Na hapo ndipo akili yangu ilipotoa cheche. Kwani kusini mwa Ruziba, ukifuata barabara ya ziwa, unafika wapi? Rumonge. Na Rumonge inasifika kwa nini? Kwa mawese. Na mawese ni ya rangi gani?

Msinizomee. Sikuropoka, nilisoma. General Motors walipoanza kuuza otomatiki ya Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, iliyokuja kufungwa hata kwenye vifaru vya vita, walihitaji oili yenye utelezi wa aina yake. Wakapata dawa yake kwenye mafuta ya nyangumi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, magari ya Marekani yalibadili gia kwa msaada wa samaki mkubwa asiye samaki. Kama nyangumi aliweza, mchikichi umekosa nini?

Basi nikafanya jaribio, kwa gari langu mwenyewe, kama wanasayansi wote wakubwa. Lile Corona pale, lililokaa juu ya mawe. ATF ilikuwa adimu na bei imepanda. Nyumbani kulikuwa na dumu la lita tano lililokuwa la harusi ya shemeji. Nikamimina saa saba mchana, jua la Ruziba likiwa utosini. Waheshimiwa, gari liliondoka kama hariri! Nilifika darajani nikipunga mkono. Njiani chini ya gari kulinukia maharage ya kukaanga, na watoto wawili wakanifuata na sahani.

Kisha usiku ukaingia. Mawese huganda joto likishuka chini ya nyuzi thelathini na kitu. Alfajiri nikaweka D, injini ikanguruma, gari likatulia kama mgeni aliyekwisha kula. Nilipofungua sampu, chujio lilikuwa limezibwa na mgando wa rangi ya chungwa. Kwenye daftari la utafiti niliandika: hali ya hewa.

Haya, sasa ni maswali. Mama wa ndagala, umesubiri vya kutosha. Unataka kukishika kijiti? Shika. Unasema kwenye bati la kijiti kuna herufi zimegongwa. Ndiyo, mama, T-IV. Unasema hujui Kiingereza, ila herufi za hapa na zile za kwenye dumu la shemeji hazifanani.

...

Makofi ya nini?

Haya, tuandike hivyo: somo zima la saa mbili, mama amelimaliza kwa kulinganisha herufi za kijiti na za kopo. Ndivyo nilivyokuwa najiandaa kuhitimisha. Ada ya hotuba ni faranga elfu mbili kwa kila mtu. Mama asilipe.

Vijana, msijisumbue kulisukuma Corona. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Pampu ya oili inasubiri injini, na injini inawasubiri ninyi, mtalala hapa. Na msilivute kwa kamba magurudumu yake yakizunguka, gia zitakauka. Nitaondoka kwa baiskeli ya huyu kijana. Ina gia moja? Inatosha. Mnyororo umepakwa nini, mbona mwekundu?

Mawese?

Mmesikia wote. Nadharia yangu ilikuwa sahihi, nilikosea chombo tu.