Sifa za Springi Iliyonikatikia Alfajiri

Wageni wakija kwangu husifu jiko, husifu zulia, na mmoja aliwahi kusifu hata bomba la maji moto. Lakini kinachosifiwa kuliko vyote ni mlango wa gereji, hasa na wageni wa kwetu Mombasa, ambao hawajazoea kuona ukuta mzima ukipanda darini kwa kubonyezwa kidude cha mkononi. "Mashallah," husema, "mota hii ina nguvu!" Nami kwa miaka minane niliitikia: ndiyo, ina nguvu. Kumbe nilikuwa nikimvisha mtu joho la mwenzake. Mwenye joho sasa yumo kwenye ndoo ya vyuma chakavu, vipande viwili, na haya ninayoandika ndiyo hitima yake.

Ilikatika Januari. Hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, Januari ni adhabu iliyopewa jina la mwezi. Usiku ule baridi ilifika nyuzi 27 chini ya sifuri, na gari likilazwa nje kwenye baridi kama hiyo, asubuhi betri haina hata nguvu ya kukohoa. Mama alikuwa amekuja kututazama. Alikuwa bado kwenye mswala, tasbihi mkononi, mlio ulipoipasua nyumba: mmoja, mkavu, kama bunduki, kisha mtetemo wa chuma uliochukua muda kunyamaza.

"Mwanangu, tumevamiwa?"

"Hapana, Mama. Barafu hiyo, imeanguka kutoka kwenye paa."

Nilisema barafu kwa sababu sikujua kwamba tuna springi. Na hapo ndipo sifa zake zinapoanza: miaka minane tumekaa nyumba moja, imening'inia juu ya kichwa changu kila nikiingia na kutoka, na haikuwahi hata siku moja kudai itambuliwe.

Nilikwenda nikabonyeza kidude. Mota ikaguna, ikauinua mlango shubiri moja, ikakata tamaa. Nikabonyeza tena. Ikaguna tena, ikawasha taa yake kama mtu anayeomba radhi. Mlango wetu ni wa magari mawili, wa bati lililojazwa povu la kuzuia baridi, na uzito wake haupishani sana na gunia la mahindi la kilo 90. Mota ile ina nusu ya nguvu farasi. Kumbe kazi yake ilikuwa kama ya karani wa ghalani mwenye kalamu sikioni: gunia limo mgongoni mwa hamali, yeye anatangulia mbele akisema, "Pisha, pisha!" Siku hamali hakuja kazini ndipo karani alipojulikana mikono yake.

Hamali mwenyewe hufanya kazi hivi. Juu ya mlango pana mhimili wa chuma uliolala, na springi mbili nene zimevikwa humo kama bangili nyingi zilizobanana. Mlango ukishuka, uzito wake unavuta kebo, kebo zinazungusha mhimili, na mhimili unazisokota springi. Ile nguvu ya kuanguka, ambayo ingekuvunja mguu, inatiwa kwenye kibubu. Ukitaka kufungua, kibubu kinavunjwa na mlango unapanda kwa akiba yake wenyewe. Mlango uliosawazishwa vizuri, ukiutenga na mota, mtoto wa shule anaweza kuuinua kwa mkono mmoja, na ukiuachia katikati unabaki papo hapo, haupandi wala haushuki. Mimi sijui watu wengi wenye uadilifu wa namna hiyo.

Sasa angalia jambo hili. Springi hupumzika mlango ukiwa juu. Ukiwa chini ndipo inapokuwa imesokotwa hadi mwisho. Maana yake ni kwamba sisi tunapozima taa na kulala, yeye ndiye yuko kwenye kilele cha kazi, usiku kucha, meno ameyauma, hadi asubuhi. Ndiyo sababu nyingi hukatika mlango ukiwa umefungwa, gari limo ndani na mwenyewe anatafuta soksi. Watu huita hiyo nuksi. Mimi naiita busara: ingekatika mlango ukiwa juu, gunia la mahindi lingekuwa juu ya vichwa vyetu.

Hata mauti yake yana adabu. Kwa kuwa imevikwa kwenye mhimili, ikikatika inabaki pale pale ilipokuwa ikifanya kazi. Ina jamaa zake, zile za kuvutwa, ambazo hukaa kando ya reli za mlango. Hizo hazina malezi hayo. Zisipopitishiwa waya wa usalama katikati, zikikatika huruka na kutafuta kioo cha gari au uso wa mtu.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno zuri zaidi, kamani, walilolitumia kwa springi ya saa. Asili yake ni upinde wa Kiajemi, na ni neno la haki: kila springi ni upinde uliovutwa, unasubiri kuachiwa. Robert Hooke, Mwingereza, alipoigundua kanuni ya springi hakutaka wenzake waichukue, basi mwaka 1676 akaichapisha kwa fumbo, herufi za Kilatini zilizovurugwa. Akalifumbua mwaka 1678: kadiri inavyovutwa, ndivyo inavyorudisha. Malenga wa Lamu wangemwelewa mara moja.

Lakini Hooke hakutuambia inakufaje. Hilo lilimngoja August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, ambaye katika miaka ya 1850 na 1860 alizipima ekseli za mabehewa na kuonyesha kwamba chuma hakihitaji kuzidiwa ili kivunjike. Kinahitaji kurudiwa. Mzigo mdogo, ukija na kuondoka mara za kutosha, unakimaliza kama maneno ya wifi.

Na springi, tofauti na wifi, hutangaza hesabu yake mapema. Ya kawaida hutengenezwa kwa safari 10,000: kupanda na kushuka ni safari moja. Ukifungua mara nne kwa siku, hizo ni siku 2,500, miaka saba kasoro kidogo. Yetu ilifika minane. Nilipokaa na kalamu niliona imetufanyia zaidi ya safari 1,600 za sadaka, na baadhi yake zilikuwa za kutoa mpira tu, au za wanangu kuwaonyesha marafiki jinsi ukuta unavyopanda. Mimi kwa upande wangu, katika miaka yote hiyo, sikuitia tone la mafuta.

Mama alipoelezwa haya hakushangaa. "Mlango una haki ya kwenda kando," alisema, "nyinyi mmeupeleka juu." Kwao Mji wa Kale milango ni ya mbao nzito zilizochongwa, mingine imewaona babu na vilembwe, na haijawahi kukatika kitu kwa sababu haijawahi kuambiwa ipande darini. Huo ni ujanja wa Wamarekani. Mlango wa gereji wa kupanda juu ulibuniwa na C. G. Johnson mwaka 1921, na miaka mitano baadaye akauwekea mota, ile ile iliyokuja kuiba sifa.

Fundi alifika saa nne. Alikuwa kijana wa Bukavu, koti limemmeza, na aliposikia tunazungumza Kiswahili akafurahi, akamgeukia Mama: "Jambo, Mama!" Mama, ambaye kule Mombasa neno hilo husikia likiambiwa watalii, alicheka hadi akashika ukuta. Lakini walipatana. Dakika tano hazikupita, akawa ameshaletewa chai na mahamri.

Akanipandisha ngazi. "Kaka, angalia hapa." Pingili za springi zilizokuwa zimebanana ziliachana mahali pamoja, pengo la vidole vitatu. Alipoitoa akanionyesha uso wa mkato, chini ya tochi. Upande mmoja ulikuwa mweusi, laini, wenye kutu kama ukingo wa sufuria ya zamani. Uliobaki uling'aa, wa chengachenga, kama sukari. Ule mweusi ni ufa wa siku nyingi. Ulianza kwenye kidonda kidogo cha kutu, na kutu ilitokana na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, ambayo gari langu lilikuwa likiileta kila jioni na kuidondosha sakafuni hadi hewa ya gereji ikawa kama ya Forodhani. Kila safari ufa ukasogea kidogo. Baridi ya usiku ule, inayokifanya chuma kishindwe kuustahimili ufa, ilikamilisha tu. Ule unaong'aa ndio mlio tuliousikia.

Nikamwambia aniachie springi ya pili, ambayo ilikuwa nzima, pesa zisiende bure.

"Hii na ile zilizaliwa siku moja," akasema. "Hesabu yake ni ile ile. Ukitaka nirudi mwezi ujao, nitarudi." Akaitoa.

Nikaomba angalau nimsaidie kusokota mpya. Hapo akaacha tabasamu. Alinionyesha fimbo mbili za chuma, zinazoingia sawasawa kwenye matundu ya springi, moja ikishika nyingine ikizungusha. Wapo wanaojaribu na bisibisi, akasema, na bisibisi ikichomoka hiyo nguvu yote ya gunia hupita mkononi au usoni. Kazini kwao ameona vidole vilivyobaki nusu. Mengine yote kwenye nyumba nimewahi kuyafungua kwa ujuba wangu: friji, televisheni, hata boila. Springi peke yake ndiyo iliyonifundisha kusimama mbali, mikono mfukoni, kando ya mama yangu.

Akaanza. Anasukuma fimbo robo mzunguko, anaingiza ya pili, anatoa ya kwanza, robo nyingine. Alihesabu kwa Kifaransa, chini chini, midomo ikicheza, mvuke ukimtoka. Mama alimtazama kwa makini, kisha nikaona tasbihi yake imeanza kutembea, punje kwa punje, sambamba naye. Kwa mlango wetu ni robo 30. Alipofika akasimama, akakaza skrubu, akafuta mikono.

Mama alikuwa bado ameshika punje. "Bado tatu, mwanangu," akamwambia.